Wakuu, nanyanyuaje Prado ya zamani (LJ78) kwa laki nane bila kuliharibu?

#1 Mtoka Liwale
Habari za majukumu wakuu. Nina Prado LJ78 ya mwaka 1992, milango mitano, injini 2L-TE, koili mbele na nyuma. Njia yangu ni Nangurukuru–Liwale. Masika yakikolea malori yanachimba mifereji miwili barabarani, katikati panabaki kigongo, na gari langu linakisugua kutoka mwanzo wa tope hadi mwisho. Msimu wa korosho nabeba magunia, kwa hiyo sitafuti muonekano, natafuta kupita.

Fundi mmoja anataka anikerezee spesa (pete nene za kuongeza kimo) za inchi 2 aziweke juu ya koili. Mwingine anasema spesa ni uhuni, ninunue koili mpya. Mfukoni nina laki nane, hakuna ya ziada. Tairi ni 265/70R15, bado zina meno. Nianze na nini?

#2 Surf la Mwanga
Mkuu hiyo ni kazi ya bure kabisa. Ingia chini ya gari, tafuta zile boti mbili za toshenibaa (fito za chuma zinazojisokota badala ya koili), kaza kila upande mizunguko sawa, mbele inapanda. Nyuma tupia spesa. Hela yako nunua mafuta.

#3 Mzee wa 80
#2 toshenibaa iko kwenye Surf yako, KZN130. LJ78 haina. Mbele ina ekseli nzima kama ya nyuma, imeshikwa na mikono miwili na panhadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto au kulia), na imekalia koili. Ndiyo Prado ya kwanza, ilitoka 1990. Prado ya 1996, ile ya 90 na 95, ndiyo ikaja na miguu ya mbele inayojitegemea. Msimchanganye mwenye uzi.

Na hata kwenye Surf si bure kama unavyosema. Ukikaza baa gari linapanda, lakini baa haijawa ngumu zaidi. Umechukua tu nafasi ambayo gurudumu lilikuwa linaitumia kushuka. Likipita shimo mguu unagonga kizuizi cha chini, na shafti za mbele zinakaa pembe kali mpaka mipira yake inapasuka.

#4 Surf la Mwanga
Nimekuelewa mzee, nilidhani Prado zote za zamani ni baa. Ila yangu nimeikaza na mipira iko salama.

#5 Kereza Gerezani
Mtoka Liwale, spesa si uhuni, inategemea imetengenezwa kwa nini. Mimi mashine yangu ya kukereza inafanya kazi hizi kila wiki. Nailoni ngumu au alumini, ikerezwe iwe na kikalio kinachoshika koili kwa ndani isiteleze. Kwa ekseli nzima hesabu ni rahisi: spesa ya milimita 30 inakupa karibu milimita 30. Msifananishe na zile za Prado 95, kule spesa inakaa juu ya mguu wa koili na shokapu pamoja, milimita 25 inaweza kukupa karibu 50 kwenye tairi kwa sababu ya urefu wa mkono.

Inchi 2 kwa LJ78 na shokapu zile zile? Hapana. Shokapu itabaki ndiyo kamba inayozuia ekseli isishuke, na masikio yake yatakatika. Kaa kwenye milimita 30.

#6 Dada Difu
Kabla hamjamkerezea mtu kitu, kuna aliyemuuliza kinachosugua ni nini?

Kaka, gari lako lina ekseli nzima mbele na nyuma. Difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, inakaa ndani ya ekseli, na ekseli imeshikwa na tairi. Weka spesa za futi nzima, difu haitapanda hata milimita moja. Kinachopanda ni chesisi, tangi, silensa, ngazi za pembeni. Kama kinachosugua kigongo ni difu, dawa ni tairi kubwa tu, hakuna nyingine ya bei hii.

Lala chini uangalie. Sehemu inayong'aa kama imepigwa msasa ndiyo jibu lako.

#7 Msafiri wa Narok
#6 amesema ukweli mtupu. Huku kwetu kwenye udongo mweusi nimeona watu wamenunua seti kamili ya vifaa vya kuinua, gari limekuwa refu mpaka watoto wanasaidiwa kupanda, na bado wanakwama na difu imelala kwenye kigongo. Tairi kwanza.

#8 Mtoka Liwale
Asante dada. Nimelala chini leo asubuhi. Bakuli la difu ya nyuma linang'aa. Lakini na kile kitanzi cha kuvutia gari nyuma kimekunjika, na silensa ina mikwaruzo mipya. Sasa hapo inakuwaje?

#9 Dada Difu
Hapo una matatizo mawili kwa pamoja. Jiulize: linasugua likiwa tupu, au likiwa na magunia? Difu haijali mzigo, itasugua siku zote. Kitanzi na silensa vikisugua na mzigo tu, maana yake koili za nyuma zimechoka, makalio yanashuka.

#10 Mtoka Liwale
Vyote, dada. Likiwa tupu nasikia linaburuza kidogo. Likiwa na magunia ndiyo linagonga.

#11 Babu Springi
Sasa tumefika. Koili za mwaka 1992! Hizo zimebeba gari zaidi ya miaka 30 na hamshangai kwamba zimelala. Watu wengi wanaosema wanataka kunyanyua gari, kwa kweli wanataka kurudisha urefu ambao gari lilitoka nao kiwandani. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, gari likiwa tupu sehemu iliyonyooka. Andika. Kama kushoto na kulia vinapishana, koili zimekufa, na ukiziwekea spesa utakuwa umepandisha maiti juu ya kiti.

#12 Kereza Gerezani
Babu hapo mbona umeniua. Koili iliyolala bado ina ugumu wake ule ule, imepungua urefu tu. Spesa inarudisha urefu. Mwenye laki nane hana uwezo wa koili mpya nne na shokapu nne.

#13 Babu Springi
Sijasema nne. Nyuma mbili tu. Za mbele aziache.

Na tuzungumze hesabu, maana mafundi wengi wanauza koili kwa kutazama urefu. Ugumu wa koili unapanda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe, yaani kipeo cha nne. Waya wa milimita 14 na wa milimita 15 ukiuangalia kwa macho ni ule ule, lakini mizunguko na upana vikiwa sawa, wa 15 ni mgumu kwa zaidi ya asilimia 30. Mizunguko ikipungua ugumu unapanda pia. Kwa hiyo ukienda kwenye mtumba chukua vernia, kile kipimo cha unene. Pima waya, pima upana wa koili, hesabu mizunguko. Ukirudi na koili iliyoandikwa "Prado" kwa rangi ya chaki hujui umenunua nini.

#14 Kijana wa Unga Limited
Arusha magari ya watalii tunafanya hivi hivi, koili ngumu nyuma kwa sababu gari linatembea limejaa muda wote. Ila ndugu yangu wa korosho ajue: nje ya msimu, likiwa tupu, koili ngumu zitamtikisa mgongo kwenye rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi. Nyuma inarukaruka, tairi inaachia barabara.

#15 Mninga Boy
Mimi niliweka spesa za mninga. Mbao kavu, nikaipaka mafuta machafu, nikaitoboa. Gari linadunda vizuri hadi leo.

#16 Kereza Gerezani
#15 ndugu yangu, mninga tengeneza kitanda.

#17 Dada Difu
😂😂 Lakini kwa kweli Mninga Boy, hiyo iondoe. Mbao inapasuka kufuata nyuzi zake, siku ikipasuka kwenye kona koili inahama kikalio. Unabeba familia humo.

#18 Mninga Boy
Nasikia. Nitapita Gerezani.

#19 Mzee wa 80
Turudi kwenye tairi maana difu inang'aa, hilo halina ubishi. 265/70R15: ukuta ni asilimia 70 ya 265, yaani milimita 185.5. Mara mbili ni 371. Jumlisha rimu ya inchi 15, milimita 381. Tairi nzima ina kimo cha 752. Tairi ya 31x10.5R15 kwa karatasi ni 787. Tofauti ni 35, na difu inapanda nusu yake, milimita 17 na kidogo.

#20 Surf la Mwanga
Milimita 17?! Tairi nne mpya kwa milimita 17? Laki nane yote imeisha na hata haifiki tairi nne.

#21 Mzee wa 80
Kwenye kigongo cha tope milimita 17 zinaamua unapita au unaita trekta. Ila kuna njia nyingine: rimu za inchi 16 za mtumba na tairi nyembamba ndefu, 235/85R16. Hiyo ina kimo cha karibu 806, difu inapanda milimita 27. Rimu za nati sita za Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zinaingia, ila jaribu kwanza kama inazunguka bila kugusa kalipa ya breki. Tairi nyembamba inakata tope inafika chini penye ugumu. Angalia Land Cruiser za mkonga za mashirika zinavaa nini.

#22 Chesisi Ndefu
Mzee hesabu yako safi lakini umesahau injini. 2L-TE ni lita 2.4. Ukitoka 752 kwenda 806 umerefusha gia kwa asilimia 7. Saa ikisema 80 uko 86. Kwenye mchanga mzito gia ya tatu itakufa. Huyu anabeba magunia!

#23 Mzee wa 80
Ana gia ya L, ya nguvu na mwendo wa polepole, kwenye kile kigia kidogo. Aitumie.

#24 Mpenda Rejeta
Na mkishataja 2L-TE, mkuu Mtoka Liwale, hiyo laki nane ipeleke kwenye rejeta, feni na hozi. Silinda hedi ya 2L-TE ikichemka inapasuka, kila mwenye nayo anajua. Gari refu lenye hedi iliyopasuka linakaa juu ya mawe uani.

#25 Chesisi Ndefu
Haya, uzi wa springi umegeuka wa hedi 😀 Ila hajakosea. Tairi kubwa, mzigo, tope, gia ndogo: huo ndio mpango wa kuchemsha 2L-TE.

#26 Kokoto
Samahani naingilia, nina kisa cha hapa hapa. Nina Land Cruiser 80. Gereji moja ilininyanyulia inchi 2 na kidogo, koili na shokapu. Muonekano mzuri, tope napita. Lakini nikiwa 70 hadi 80 nikigonga shimo, usukani unaanza kutetema kwa nguvu mpaka nipunguze kabisa. Kabla ya hapo haikuwahi. Gereji wanasema ni tairi, nikabalansi, wapi. Mtoka Liwale ajue haya kabla hajaanza, maana ekseli zetu zinafanana.

#27 Mzee wa 80
Kasta. Sihitaji hata kuliona. Ukinyanyua chesisi, ile mikono miwili ya mbele inashuka upande wa ekseli, ekseli inajizungusha, na kasta, yaani ule ulalo wa naki (kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele) unaofanya usukani urudi wenyewe, inapungua. Inchi 2 kwenye 80 inakula karibu nyuzi 2 za pembe. Weka bushi za kasta, zile zenye tundu lisilo katikati.

#28 Msafiri wa Narok
Kasta ndogo inaleta gari kuzurura, usukani mwepesi usiorudi. Kutetema baada ya kugonga shimo mimi nasema panhadi rodi. Bushi zake zikiwa na uchezaji, ekseli inatembea kushoto kulia. Mwambie mtu atikise usukani injini ikiwa inawaka, wewe chungulia chini. Utaona.

#29 Kijana wa Unga Limited
Na panhadi yenyewe ikinyanyuliwa inavuta ekseli pembeni, lazima iwe ya kurefusha.

#30 Babu Springi
#29 chukua kikokotoo. Rodi ya milimita 800 ikiwa imelala sawa, ukinyanyua 50 ekseli inahama milimita moja na nusu. Ikiwa tayari ina mteremko wa 60, inahama kama 5. Hiyo haitetemeshi gari. Bushi zilizokufa ndizo zinatetemesha, au tundu la boti lililopanuka kuwa yai.

#31 Dada Difu
Wote mmeruka beringi za naki. Kwenye ekseli hizi za Toyota naki inazunguka kwenye beringi mbili, juu na chini, na zinakazwa kwa shimu, vile vibati vyembamba. Zikilegea, usukani unatetema kama anavyoeleza. Mtihani: tairi zikiwa juu na tairodi imefunguliwa, vuta naki kwa mizani ya kuning'inia. Ikienda bila kukataa, imelegea. Kunyanyua hakukuleta ugonjwa, kumeufichua tu.

#32 Kokoto
Kasta, panhadi, beringi. Nimeandika zote tatu. Nianze na ipi?

#33 Mzee wa 80
Kasta.

#34 Msafiri wa Narok
Panhadi. Haina gharama, ni kuchungulia.

#35 Surf la Mwanga
Nunua shokapu ya usukani mpya uone kama haitulii.

#36 Dada Difu
#35 hiyo inatuliza dalili. Ugonjwa unabaki pale pale, na siku ile shokapu ikivuja uko kwenye mteremko wa Kitonga.

#37 Fundi Breki Moro
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa breki. Naomba mnisikilize.

Toyota nyingi za zamani zina valvu nyuma ya chesisi yenye fimbo iliyoungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kusoma mzigo. Makalio yakishuka, fimbo inasukuma, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukinyanyua gari, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Unabeba magunia, unashika breki, nyuma haisaidii, pua inazama. Mabano ya ile fimbo yashushwe au yapandishwe kadiri ulivyonyanyua. Wengi wanaifunga kwa waya. Usikubali.

Pili, hozi za breki. Gari likiwa kwenye jeki ya chesisi, ekseli inaning'inia mpaka mwisho, hozi isivutike. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, angalia tena. Pamoja na hozi ya pumzi ya difu, ikichomoka difu inakunywa maji ya mto.

#38 Babu Springi
#37 umefanya kazi ya maana. Hilo la valvu wengi hawalijui kabisa.

#39 Bodi Juu
Kwa nini hakuna anayetaja kunyanyua bodi? Vibao vya inchi 2 kati ya bodi na chesisi, boti ndefu, kwisha. Haigusi kasta, haigusi hozi, haigusi propela.

#40 Chesisi Ndefu
Na haigusi tatizo lake. Chesisi, silensa na difu vinabaki pale pale. Hiyo inasaidia tu tairi kubwa isiguse bodi. Halafu rejeta ikipanda na bodi, feni inabaki na injini chini, zinapishana. Kwa 2L-TE hapo Mpenda Rejeta atalia.

#41 Mpenda Rejeta
Nimeshaanza.

#42 Msafiri wa Narok
Kwa wanaotaka kuona kunyanyua kulikopitiliza, tazameni magari ya mashindano ya Rhino Charge hapa Kenya, yapo tangu 1989, yalianza kwa kuchangia uzio wa Aberdare. Lakini mtu asiige yale kwa gari la kubebea korosho. Yale yanatengenezwa kwa kazi ile tu.

#43 Mtoka Liwale
Wakuu nashukuru sana. Nimepima kama alivyosema Babu. Mbele pembe zote ziko sawa. Nyuma kushoto iko chini ya kulia kwa kama milimita 20. Fundi wa spesa nimemwambia asubiri. Kuna jamaa anauza koili mbili za nyuma za mtumba, anasema zimetoka kwenye LJ78 nyingine, na kuna mwingine anasema nipeleke hizi zangu azivute kwa moto wa gesi zirudi urefu.

#44 Babu Springi
Moto HAPANA. Chuma cha koili kimepikwa kiwandani kwa kipimo. Ukikiwasha kwa gesi umefuta upishi wote, itasimama vizuri gereji na kulala kabla hujamaliza msimu, au ikatike kabisa. Za mtumba zipime. Kama zimetoka LJ78 ya umri ule ule nazo zimechoka kama zako.

#45 Kereza Gerezani
Ndiyo maana nasema: koili za mtumba, ulinganishe zilingane kimo, halafu spesa ya nailoni milimita 20 mpaka 30 nyuma tu. Mbele usiguse, kasta inabaki salama, na hilo la Kokoto halikupati.

#46 Mzee wa 80
Na difu inaendelea kulima kigongo. Mimi nabaki kwenye tairi. Auze hizo 265 zikiwa bado na meno, aongezee, achukue 235/85 za mtumba na rimu.

#47 Dada Difu
Tairi ya mtumba soma tarehe kabla hujaangalia meno. Kwenye ukuta kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za wiki, mbili za mwaka. 1412 ni wiki ya 14 ya 2012. Usibebe magunia juu ya hiyo.

#48 Kijana wa Unga Limited
Nyuma ikipanda peke yake pua itatazama chini, na pembe ya propela ya nyuma (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inabadilika, atasikia mvumo kwenye 60.

#49 Kereza Gerezani
Milimita 20 haivumi.

#50 Kijana wa Unga Limited
Nimesikia ikivuma.

#51 Fundi Breki Moro
Krosi za propela, vile viungio vyake, zilikuwa mpya au za zamani?

#52 Kokoto
Mrejesho wangu. Nimechungulia panhadi: bushi ya upande wa ekseli ina uchezaji, Msafiri uko sawa. Nimepima na kasta, nayo iko chini, Mzee uko sawa. Nimebadilisha bushi za panhadi tu kwanza. Kutetema kumepungua sana ila hakujaisha. Beringi za naki bado sijafungua. Bushi za kasta nimeshanunua.

#53 Mzee wa 80
Kabla hujazibana na presi hakikisha unajua tundu linatazama upande gani. Zina alama. Fundi akizigeuza, badala ya kurudisha zile nyuzi 2 anaziondoa nyingine 2, na hapo hata 50 hutoboi.

#54 Dada Difu
Na naki fungua tu Kokoto, mpira wa mafuta wa ndani lazima unavuja. Umeona mafuta kwenye rimu?

#55 Kokoto
Kulia, ndiyo.